Ua la msibani na ua la arusini

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza jambo la maana. Unataka Wimbo Ulio Bora usomwe siku ya ndoa yako, pale bibi arusi anapofananishwa na ua la nyinyoro kati ya miiba, lakini ukakumbuka kwamba kwenye mazishi ya bibi yako mchungaji alisoma Zaburi ya 103: "Mwanadamu siku zake zi kama majani, kama ua la kondeni ndivyo asitawivyo." Sasa unaona kama ni uchuro.

Si uchuro, mama. Tuanzie kwenye ardhi walikoishi washairi wa Zaburi na wa Wimbo Ulio Bora. Nchi ya Israeli hupata mvua miezi ya baridi, na kiangazi chote mbingu hufunga. Ua la porini halina nafasi ya kujivuta. Ikifika Februari na Machi, vilima vya Galilaya na uwanda wa Sharoni vimejaa wekundu na manjano. Halafu huvuma upepo wa moto kutoka jangwani, na kwa siku chache tu yote yamekauka. Ndiyo maana Zaburi inaendelea: "Maana upepo hupita juu yake, kumbe haliko!" Mtunzi alisema alichokiona kila mwaka.

Na yule kijana wa Wimbo Ulio Bora anamhimiza mpenzi wake atoke nje kwa sababu hiyohiyo. Mvua imekwisha, maua yametokea, njoo sasa. Haraka yake inatokana na kujua kwamba hayakai. Kwa hiyo siwakubali wanaozitenganisha ishara hizi mbili, ua la kifo na ua la mapenzi.

Karne nyingi baadaye washairi wa Kiyahudi wa Hispania waliupokea urithi huu. Shairi ninalolipenda kuliko yote ni la Moses ibn Ezra, mzaliwa wa Granada katika karne ya 11. Humo bustani imevaa kanzu ya rangi nyingi, kama ya Yusufu. Kila ua jipya linatoka likicheka. Mbele yao anapita mfalme wao, waridi, kiti chake kimeinuliwa. Ametoka katikati ya majani yaliyokuwa yakimlinda, amebadili mavazi yake ya gerezani. Asiyekunywa divai kwa heshima yake, anasema mshairi, atabeba dhambi yake! Mavazi hayo na kiti hicho amevitoa kwenye Biblia: fungua 2 Wafalme 25, mistari ya mwisho, utamkuta Mfalme Yehoyakini akifunguliwa Babeli katika mwaka wa 37 wa uhamisho wake, anavuliwa mavazi ya gerezani na kiti chake kinainuliwa. Huzuni yote ile ya uhamishoni imetiwa ndani ya ua linalofunguka, na bado shairi ni la furaha. Kila nikilisoma nastaajabu. Naye ibn Ezra mwenyewe baadaye aliihama Granada, akafia ugenini.

Hata leo ni vivyo hivyo. Siku ya kuwakumbuka askari waliokufa, Waisraeli huvaa kifuani ua dogo jekundu liitwalo Damu ya Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi wa kale. Hadithi husema huota palipodondoka damu ya mashujaa hao. Na kwenye arusi zao, bibi arusi wengi huingia kwa wimbo Erev Shel Shoshanim, Jioni ya Mawaridi, wa mwaka 1957, maneno ya Moshe Dor na muziki wa Yosef Hadar. Humo pia mpenzi anaitwa bustanini, kwenye manemane na ubani, kama katika Biblia.

Basi chagua sura ya 2, na usiishie kwenye nyinyoro. Msomaji aendelee mstari wa 10 hadi wa 13, maana wito wenyewe uko hapo. Mpe mtu anayesoma polepole. Shangazi yako ana sauti nzuri, na nadhani atafurahi ukimwomba wewe mwenyewe.

Mama yako anakusalimu sana. Msalimie na mwenzako, na mtuandikie mapema tarehe ikishathibitishwa kanisani.

Ni mimi,
Baba yako