Jibu: EUID ya muuzaji wa Ubelgiji na namba yetu ya RCCM

Ndugu, umeuliza kama EUID (namba ya utambulisho wa kampuni katika Umoja wa Ulaya) iliyo kwenye fakturi ya muuzaji wako wa Ubelgiji ni kitu kimoja na namba yetu ya RCCM, yaani ya daftari letu la biashara. Hapana, ingawa zinakaribiana. EUID huanza na herufi mbili za nchi, ikafuata alama ya daftari lililoandikisha kampuni, kisha nukta na namba ya kampuni katika daftari hilo. Kwa hiyo haifuti namba ambayo kampuni ilipewa nchini mwake, bali huibeba ndani yake ili kampuni za nchi mbili zisichanganywe. Madaftari ya Umoja wa Ulaya yameunganishwa tangu Juni 2017. Itafute namba hiyo kwenye e-Justice, tovuti ya Umoja wa Ulaya ya mambo ya sheria, ulinganishe jina na makao, kabla ya kutuma hata dola moja.

Hapa Lubumbashi tunaandika CD/LSH/RCCM, kisha mwaka, herufi na namba ya mfululizo. B ni kampuni, A ni mfanyabiashara binafsi, kwa utaratibu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, ambao Kongo iliingia mwaka 2012.

Nakusihi usiichukue EUID kuwa namba ya TVA (kodi ya ongezeko la thamani). Kwa Ubelgiji tarakimu ni zilezile, lakini namba ya TVA huhakikiwa kwenye VIES, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kuhakiki namba hizo.