Injini ya Turbo Kuvuka Kilomita 300,000: Kinachoamua ni Oili

Wiki iliyopita Subaru Impreza WRX yangu ilivuka kilomita 300,000 ikiwa na injini ileile ya EJ20 yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi kwenye silinda) iliyotoka nayo kiwandani, ambayo haijawahi kufanyiwa ovahoo. Kabla sijajisifu popote, nilitoa plagi zote nne, kazi inayochubua mikono kwa sababu injini ya boksa imelala na plagi zake zimebanana na ubavu wa bodi, kisha nikapima kompresha, yaani presha ya kila silinda pistoni inapobana hewa. Silinda zote zilisoma karibu sawa. Tofauti kati ya iliyosoma juu kabisa na iliyosoma chini kabisa haikufika asilimia 5, ilhali mafundi wengi huanza kuingiwa na wasiwasi inapokaribia asilimia 10. Nilizipiga picha geji zote.

Picha hizo zina mtu wake. Nilipolinunua gari hili lilikuwa limeshatembea kilomita 170,000, na fundi niliyempelekea alikague alitangaza mbele ya wateja wengine kwamba nimenunua maiti, kwamba injini ya turbo haifiki 200,000, na kwamba nianze kutafuta nyingine mapema. Hakuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Alisoma namba kwenye dashibodi, akatoa hukumu, akaendelea na shughuli zake. Sijamsahau.

Wasomaji walioniandikia wanataka kujua siri, na wengi wao wanatarajia niwatajie dawa fulani ya kumimina kwenye injini. Hakuna. Mimi na ninyi tunapenda kitu kimoja, gari linalovuta kwa nguvu leo na litakalovuta vilevile miaka mingi ijayo, na kwa uzoefu wangu kinachotutenganisha na wenzetu ambao injini zao zimenoki si upole wa mguu. Mimi hukanyaga mafuta, tena sana. Ninachokilinda ni utando mwembamba wa oili unaokaa kati ya krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na shafti hiyo), kwa sababu vyuma hivyo havitakiwi kugusana kabisa injini inapofanya kazi, na siku vinapogusana kwa nguvu nyingi hakuna bloku imara itakayokuokoa.

Tazama hata injini zinazosifiwa. BMW ilipotengeneza M3 ya E46, yenye injini ya S54 inayofika mizunguko 8,000 kwa dakika, ilibidi ibadilishe beringi za konrodi katika magari mengi ya mwanzo, na oili iliyoagizwa kwa injini hiyo ni 10W-60, nzito kuliko ya kawaida. Katika injini za RB26 za mwanzo za Nissan Skyline GT-R, sehemu ya krenkishafti inayozungusha pampu ya oili ilikuwa fupi mno, hivyo pampu ingeweza kuvunjika mtu anapoizungusha injini kwa kasi kubwa mara kwa mara. Hizi ni injini za chuma kizito, zilizojengwa na watu wanaojua kazi yao, na bado udhaifu wake umejitokeza palepale oili inapopita.

Kosa ninaloliona kila siku ni la asubuhi. Mtu anawasha gari, anaona mshale wa joto umefika katikati, anadhani injini imeshapata moto. Mshale ule unapima maji ya rejeta, na oili huchelewa nyuma ya maji kwa dakika kadhaa. Oili ikiwa bado baridi ni nzito, na geji ya presha, kwa wale walioifunga, itaonyesha presha kubwa inayomfurahisha mwenye gari. Lakini presha hiyo ni ya oili inayogoma kupita, na sehemu yake hurudishwa na valvu ya pampu kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla haijafika inakohitajika. Mimi siigusi turbo mpaka oili ifike nyuzi 80 hivi za selsiasi. Abiria wangu hulalamika kwamba tunatembea kama msafara wa harusi, nami huwaacha walalamike.

Jambo la pili ni kipimo cha oili, na hapa ndipo nawaomba msinichoke. Injini ya turbo iliyotembea sana hula oili kidogo, na hilo peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni kusubiri taa nyekundu. Taa ile huwaka presha ikiwa imeshaporomoka, maana yake inakutangazia msiba badala ya kukuonya. EJ20 hubeba oili takriban lita 4 tu. Ikipungua lita 1, kisha ukaingia kwenye kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, mrija wa kunyonya unavuta hewa, na beringi zinazunguka kavu kwa muda unaotosha kabisa kuziharibu. Kwa hiyo nachomoa kijiti kila ninapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache. Nichomoe, nifute, nirudishe, nichomoe tena. Wanaoniona hunicheka, na baadhi yao sasa wanatembelea magari ya kuazima.

Oili yenyewe naibadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta, hata kama kopo limeandikwa 10,000, kwa sababu turbo huipika na petroli isiyoungua huchanganyika nayo, hasa katika safari fupi. Kisha nafanya jambo ambalo gereji nyingi hazilifanyi: nakata filta iliyotoka, nakunjua karatasi yake kwenye beseni safi na kuimulika kwa tochi. Vumbi jeusi ni la kawaida. Chembe zinazong'aa ndizo za kuogopa. Zinazonaswa na sumaku ni za chuma, na zile zisizonaswa, zenye rangi ya fedha au ya shaba, mara nyingi ni za beringi. Filta iliyokatwa inakueleza mengi kuliko dashibodi, tena inakueleza ungali na nafasi ya kufungua sampu kabla konrodi haijatoboa bloku.

Nikiwa kwenye turbo, niseme na wale wanaonunua kubwa zaidi kabla hawajaikagua waliyo nayo. Katika baadhi ya injini za EJ, familia ya EJ20 yangu, kuna kichujio kidogo ndani ya boliti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo, na oili iliyozeeka hukiziba polepole mpaka shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inabaki na matone. Kukisafisha ni kazi ya muda mfupi. Watu hawaijui, turbo inakufa, lawama zinaiendea kampuni iliyoitengeneza. Na ukishamaliza kukimbiza, tembea taratibu kilomita chache za mwisho kabla ya kuzima, ili oili iliyomo kwenye beringi za turbo isiungue na kuganda kuwa masizi.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa kila mtu huyasema: mkanda wa taimingi kwa wakati wake, maana ukikatika kwenye injini hii valvu hugongana na pistoni, petroli ya okteni iliyoagizwa, ili injini isigonge chini ya mzigo, na rejeta safi.

Kazi inayofuata kwangu ni kushusha sampu na kubadilisha mrija wa kunyonya oili. Ule wa kiwandani katika EJ unajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo kilichochomelewa, na wangu umetikisika kwa kilomita 300,000. Nitakapoushusha nitakikagua kiungo hicho, na picha zake nitaziweka hapa, ziwe nzuri au mbaya.