Fundi Baiskeli Alinianika

Katika riwaya yangu ya kwanza niliweka msichana wa mji wa Arua, Uganda: mwalimu, mpole, mpenda vitabu, asiyeyumbishwa. Nilijua watu watasema ni mimi, nikajiandaa kukana. Hakuna aliyesema. Dada yangu mkubwa aliusoma mswada kwa siku tatu, kisha akaniita jikoni.

"Huyu fundi baiskeli ni wewe."

Fundi baiskeli! Mzee mbishi niliyemtia ili tu pawe na mtu wa kugombana sokoni. Lakini mzee yule hana neno samahani kinywani. Akimkosea mtu, kesho yake anampelekea sukari, anazungumzia mvua, anaondoka. Dada akaanza kunihesabia: mchele niliomletea baada ya kugombana matangani kwa baba, kitenge baada ya ugomvi wa shamba. Nilikasirika. Nikapanda basi la usiku kurudi Kampala bila kumuaga vizuri.

Basi wewe unayeandika, usijitafute kwa mhusika mkuu. Huyo umeshamvika nguo za Idi kabla hajatoka mlangoni. Jitafute kwa wa pembeni, wale uliowaandika haraka ukiwa umechoka, hasa yule unayemchukia kupita kosa lake.

Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alikuwa na miaka 12 mwaka 1824, baba yake alipofungwa kwa madeni, naye akawa anabandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu kiwandani. Aibu hiyo aliwaficha hata watoto wake. Baadaye akamwandika David Copperfield, mtoto anayetumikishwa kwenye ghala la mvinyo. Hapo alijua anachokifanya. Ila rafiki yake John Forster alipomwonyesha kwamba herufi za mwanzo za jina la mtoto huyo, D.C., ni C.D. yake mwenyewe iliyopinduliwa, alishtuka.

Kwa hiyo mswada mpe mtu aliyekujua kabla hujajua kuandika. Msomaji mgeni atakusahihishia sentensi. Hajui ulivyokuwa ukinuna utotoni. Na ukiambiwa, usikimbilie kufuta. Jirani uliyemchota ukamtia kitabuni ndiye wa kumbadilishia kazi na mji, kwa heshima yake. Wewe jiache ulivyo.

Fundi nilimwacha, na kurasa nikamwongezea. Wiki iliyofuata nilikwenda stendi ya mabasi, nikamkabidhi kondakta wa Arua mfuko: sukari kilo tatu. Dada alipiga simu jioni yake kuniuliza kama mvua imenyesha Kampala.