Kabla Hujajaza Kozi ya Afya, Uliza Kazi Yenyewe Ikoje Saa Nane Usiku

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haitulii. Anapiga mtoto wa kaka, anapiga mama jirani kwa niaba ya binti yake, anatuma ujumbe kijana ambaye simkumbuki vizuri ila anasema nilimzalisha dada yake. Swali lao ni moja: nisome kozi gani ya afya? Na mara nyingi jibu wameshakuwa nalo, wanachotafuta kwangu ni kuungwa mkono tu.

Mimi ni muuguzi mkunga. Sasa hivi niko wodi ya wazazi katika hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini nilianzia zahanati ya kijijini, ambako watumishi mnakuwa wachache kiasi kwamba kila mtu anajua mwenzake anashughulika na nini tangu mlango unafunguliwa hadi unafungwa. Ushauri wangu wote umetokana na kuwatazama hao wenzangu wakifanya kazi zao, siyo na vipeperushi vya vyuo.

Mtoto wa kaka alipokuja kuniona alisema, "Shangazi, mimi nataka udaktari." Nikamuuliza anataka kufanya nini. "Kuwa daktari." Nikamwambia hilo nimelisikia, lakini ukishakuwa daktari, siku ya Jumanne, unataka uwe unafanya nini? Akacheka, akaangalia chini. Hajawahi kufikiria Jumanne. Alikuwa na picha ya koti jeupe, na ya watu wa mtaani wakimwita dokta.

Hilo la kuitwa dokta lisikusumbue. Kwetu mgonjwa humwita dokta yeyote anayemkuta na koti jeupe, awe wa maabara au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuja kwa mazoezi. Kinachotofautiana ni mikono yako inashika nini na unakaa na mgonjwa dakika ngapi. Cha mwisho ni lawama: mambo yakiharibika inakuja kwa nani? Na mahali pazuri pa kuyapima hayo ni saa nane usiku, kwa sababu mchana kila kazi ya hospitali inapendeza.

Nianze na ya kwangu. Saa nane usiku leba kuna mama ana uchungu uliokolea. Kila nusu saa unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, unahesabu uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika kumi na unadumu kiasi gani, unaandika kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Kila baada ya saa nne unapima njia imefunguka kiasi gani. Kitanda cha pili kuna mwenzake amefika akiwa na presha ya juu. Mlangoni yuko mama mkwe, anataka kujua kwa nini mtoto hajatoka na wewe umekaa unaandika. Daktari atakuja ukimwita, atatoa maelekezo, ataenda chumba cha upasuaji. Wewe unabaki hapo mpaka asubuhi, na asubuhi hutoki kabla hujakabidhi kila mgonjwa kwa jina na hali yake kwa wanaoingia zamu.

Ninaipenda kazi hii. Lakini siwezi kumshauri mtu mwenye kununa haraka aje uuguzi, hata kama amepata alama nzuri kuliko mimi. Sisi ndio tunaoonekana muda wote, kwa hiyo dawa zikikosekana tunalaumiwa sisi, na foleni ikiwa ndefu tunalaumiwa sisi. Ukiwa mtu wa kubeba neno la asubuhi hadi jioni, utaumia, na utawaumiza na wagonjwa.

Afisa tabibu ni kazi nyingine kabisa, ingawa vijana wengi wanaichukulia kama udaktari mdogo. Ni mtu wa kuamua. Jumatatu asubuhi zahanati ina benchi lililojaa: homa, kikohozi, tumbo, mtoto anayeharisha, mzee wa kisukari aliyeishiwa vidonge. Anasikiliza, anapapasa, anaagiza vipimo vichache vilivyopo, halafu anasema huyu anatibiwa hapa na yule apelekwe mbele. Yule wa kumpeleka mbele ndiye anayekosesha usingizi, maana ukimchelewesha umemwumiza, na ukimpeleka kila mtu, gari la wagonjwa litakuwa njiani siku nzima. Tena kuna jambo ambalo wengi hukutana nalo kazini bila kulitarajia: ukipangiwa zahanati, unaweza kujikuta ni mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, ungali mgeni. Basi vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za huduma, ni vyako, ripoti ya mwisho wa mwezi ni yako, kuagiza dawa Bohari ya Dawa ni juu yako, na kikao na kamati ya kituo kinakusubiri. Kama makaratasi hukuyapenda shuleni, jipange.

Maabara ndiyo kozi ninayoona vijana wanaidharau bila sababu. Nilipokuwa zahanati, mwenzangu wa maabara alikuwa mtu asiye na maneno mengi, na kazi ilimfaa kama glovu. Mpe slaidi ya malaria uone. Anatandaza damu, anaiacha ikauke vizuri, anaipaka rangi ya Giemsa, anasubiri muda wake bila kuharakisha, anaiosha, kisha anaweka jicho kwenye darubini. Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea anatakiwa apitie angalau sehemu mia moja za slaidi ile, moja baada ya nyingine. Mia moja, kwa mgonjwa mmoja, na nje wapo wengine wanagonga dirisha wakidai majibu. Mtu mvivu ataangalia kumi aandike "hakuna", na hakuna atakayemwona. Ndiyo maana nasema maabara inataka mtu mwaminifu akiwa peke yake. Kama wewe ni mtu wa utulivu, unapenda kuhakikisha mara mbili, na mazungumzo na watu wengi yanakuchosha, fikiria sana maabara.

Famasia nayo watu huiona ni kuuza dawa. Ni kweli ina mlango wa kujiajiri kuliko kozi nyingi za afya, na sioni aibu kuutaja, maana tunasoma ili tule. Lakini fundi sanifu dawa aliye makini ndiye anayegundua kwamba mama huyu ameandikiwa dawa mbili zisizopatana, au kwamba kipimo cha mtoto kimeandikwa cha mtu mzima, na analazimika kurudi kwa aliyeandika kumwambia hivyo kwa adabu. Ghalani yuko na tarehe za kuisha muda: itakayoisha mapema ndiyo itoke mapema. Anayetaka kujiajiri akumbuke kwamba Baraza la Famasi lina masharti yake kuhusu nani asimamie famasi na nani anaweza kuhudumia duka la dawa muhimu. Wapo vijana waliodhani diploma pekee inatosha kufungua chochote popote.

Zipo kozi ambazo shuleni hazitajwi kabisa. Mteknolojia wa mionzi anashinda na mashine na watu waliovunjika, kifuani amevaa kifaa cha kupima kiasi cha mionzi kinachompata. Mfiziotherapia anamfundisha aliyepata kiharusi kusimama tena, kazi ya majuma na miezi, kwa mtu anayependa kuona matunda polepole. Wa macho na wa meno mara nyingi wanalala usingizi wao usiku, na mimi nawaonea wivu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha kutengeneza viungo bandia na vifaa saidizi, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma hapo, wakati mtoto aliyezaliwa Moshi hajui kama kipo. Kama mikono yako inapenda useremala na kichwa chako kinapenda baiolojia, hapo panakufaa. Bwana afya, wa vyoo, maji na ukaguzi wa mabucha na migahawa, humkuti wodini, ila kipindupindu kikiingia wilayani ndiye wa kwanza kutafutwa.

Udaktari wenyewe sikatazi. Kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), kisha miaka mitano ya chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi chini ya usimamizi, na hapo ndipo unakuwa daktari wa kawaida. Ubingwa ni miaka mingine mitatu au zaidi. Ukiwa na kichwa na moyo, nenda. Ninachokuomba ni kuhesabu pia watu wanaokutegemea. Kama wewe ni mtoto wa kwanza na nyuma yako kuna wadogo wanaosubiri ada, miaka hiyo si yako peke yako, na inafaa mzungumze nyumbani mapema, kwa hesabu, siyo kwa matumaini.

Hapo ndipo huja swali la njia ya mkato: nianze na stashahada ya utabibu ya miaka mitatu, nifanye kazi, halafu nijiendeleze hadi udaktari? Njia hiyo ipo na ninawafahamu walioipita. Lakini si mkato. Vyuo vikuu vikikupokea kwa stashahada huangalia wastani wako wa chuo, na bado hurudi kutazama cheti chako cha kidato cha nne. Ile Fizikia uliyosema haina maana itakufuata. Na ukishaanza kulipwa mshahara, unaoa au unaolewa, unajenga, na kurudi darasani kunakuwa kugumu. Kwa hiyo chagua stashahada ambayo ungeridhika kuifanya hata kama mlango wa juu usingefunguka. Kama utabibu wenyewe huutaki, usiutumie kama ngazi.

Kwa wa kidato cha nne, kozi nyingi za afya ngazi ya stashahada zinataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Famasia huangalia zaidi Kemia na Baiolojia. Hisabati na Kiingereza mara nyingi ni sifa ya ziada, na nafasi zikiwa chache hiyo ziada ndiyo inayokuvusha. Vigezo kamili viko kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, na kwa shahada viko kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Soma wa mwaka wako, siyo picha ya skrini ya mwaka juzi iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Chuo chenyewe kihakiki kabla ya kulipa hata shilingi. Kiwe kimesajiliwa na NACTVET, na kozi unayoitaka iwe imeidhinishwa hapo hapo, maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwe nao. Kisha uliza swali ambalo ofisi ya udahili hailipendi: wanafunzi wenu wanafanya mazoezi hospitali gani, na wanakuwa wangapi kwa zamu moja? Nimepokea wodini vijana wanaokuja kundi zima, wanamzunguka mgonjwa mmoja, na mwenye bahati ndiye anayeshika kanyula, ile ya kuwekea dripu. Wengine wanamaliza muda wao hawajazalisha ipasavyo. Huyo akiajiriwa, atajifunzia kwa mke wa mtu.

Ajira lazima nizitaje. Siku za kumaliza chuo na kupangiwa kituo moja kwa moja zimepita. Unasubiri tangazo, unaomba kwenye mfumo, na walioomba ni wengi kuliko nafasi. Utabibu na uuguzi vina vyuo vingi, kwa hiyo foleni yake ni ndefu, ingawa nafasi zake nazo ni nyingi. Kozi zenye vyuo vichache zina foleni fupi, ila ujiandae kwamba hospitali ndogo huenda hazina nafasi yako. Usichague kwa ajira pekee, lakini anayekwambia usiitazame kabisa ana mtu anayemlisha.

Mkopo nao umebadilika. Zamani HESLB, Bodi ya Mikopo, ilikuwa ni habari ya chuo kikuu tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada kwa kozi za vipaumbele, zikiwemo za afya. Siyo zote, kwa hiyo tafuta jina la kozi yako kwenye tangazo kabla hujampa mzee matumaini.

Wengi huniuliza kuhusu kuogopa damu. Hilo huwa linaisha, na hata wanaozimia siku ya kwanza wengi wao huzoea. Lisiloisha ni kuchukia kukesha, au kuchukia kuulizwa jambo moja na watu ishirini. Ukitaka kujijua, omba ruhusa ukae kituo cha afya kilicho karibu nawe asubuhi moja, kwenye benchi la wagonjwa. Usimtazame daktari peke yake. Tazama wanaoingia na kutoka kila mlango, halafu mmoja wao akitoka kunywa chai mfuate, mwamkie, muulize zamu yake ya usiku iliyopita ilikuwaje. Watu wa afya tunapenda sana kuulizwa hilo, tatizo lako litakuwa kututuliza.

Na wakati unasubiri dirisha la maombi lifunguke, toa cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, uviweke sambamba mezani, usome majina herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Muhammad" ni watu wawili kwa mfumo wa kompyuta. Kama yanatofautiana, anza kushughulikia sasa hivi, maana utahitaji uhakiki wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa ajili ya mkopo, na siku ya kuomba leseni, baraza la taaluma yako litayatazama majina hayo hayo tena.