Majani ya mkaratusi yakivimba, weka pampu chini

Juzi msomaji mmoja wa Butere alinitumia picha: tawi la mkaratusi, vinundu tele, majani yamejikunja. Chini yake swali moja tu: "Mwalimu, nipige dawa gani?"

Nilicheka, kisha kicheko kikaisha. Picha ile ningeweza kuipiga mimi, nyuma ya boma letu kule Malava.

Nilipanda nusu ekari kwa mkopo wa sacco. Nguzo za umeme, jamani! Nani kati yenu hajawahi kuzipigia hesabu nyuma ya daftari? Miche niliinunua kando ya barabara kwa bei ya kutupa, muuzaji akiapa ni chotara bora. Msimu wa pili, kila kilele kina uvimbe. Nikaenda duka la dawa, kijana akanipa chupa, nikapiga. Nikarudi, akanipa kali zaidi. Ya tatu ilinunuliwa kwa mbuzi wawili wa mke wangu, na hadi leo mbuzi hao hutajwa kila tukigombana.

Afisa mmoja wa misitu ndiye aliyepasua kinundu kwa wembe akanionyesha funza mweupe ndani. Mama yake ni nyigu wa milimita moja na ushei, Leptocybe invasa, mzaliwa wa Australia, aliyeonekana huku kwetu magharibi mwa Kenya mwaka 2002. Jike hutaga kwenye jani changa, dume hamhitaji, na mti wenyewe humjengea mtoto nyumba. Dawa yangu ilikuwa inalowesha ukuta wa nje. Mbaya zaidi, kuna nyigu wengine wadogo ambao watoto wao hula funza hao, na dawa hiyo huwaua wao kwanza. Mbuzi wawili, kulipia mauaji ya askari wangu mwenyewe!

Msidhani ni porojo. Miaka ya 1940 Kenya ilisumbuliwa na fukusi anayetafuna majani ya mkaratusi. Aliyemtuliza ni nyigu Anaphes nitens, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, ambaye hutaga ndani ya mayai ya fukusi.

Niling'oa yote, nikaanza upya, safari hii nikiuliza ukoo wa mche kama anayeposa. Kati ya aina za mkaratusi, camaldulensis na tereticornis ndizo nyigu huyu anazipenda, na chotara wa camaldulensis wengi huurithi udhaifu huo. Aina ya grandis haishambulii sana. Kabla sijatoa pesa, napitisha kidole kwenye mshipa wa kati wa jani na kikonyo chake. Nikihisi kinundu, naenda zangu. Kitaluni, kichipukizi kilichovimba nakikata na kukichoma siku hiyohiyo.

Kisha wakaja mchwa. Hapa nilimkosea mama. Nilichimba kichuguu nimtoe malkia, kumbe kichuguu kile ni chake, cha kumbikumbi, tangu alipoolewa. Hakunisemesha siku mbili. Tukapatana: cha karibu na miche nichimbe, cha pembeni nisikiguse. Majivu ya jikoni nazungushia shina, narudia mvua ikiyaosha. Na sifagii shamba likawa jeupe kama uwanja wa shule. Mchwa akikosa jani kavu la kula, atakula mche wako. Maua malulu, yaani alizeti pori, nakata nazika shimoni kama mbolea, maana mche wenye nguvu hauliwi ovyo kama ule uliokonda kwa kiu.

Leo miti yangu imepita paa la nyumba, na waliokuwa wakinicheka sokoni wanakuja kuuliza. Nawaambia: chagueni mche, chagueni mche. Vijana, mnapenda chupa kupita kiasi. Mtu hajui hata jina la mti wake lakini anajua bei ya dawa! Acheni uvivu, ingieni shambani asubuhi, geuzeni majani mtazame.

Haya yote nilimwandikia yule wa Butere, ujumbe mrefu, kidole kikauma. Jana usiku amejibu: "Asante sana mwalimu. Sasa hiyo dawa ni gani?"