Samaki Huyu Hakukunjika: Miaka Yangu Mitatu na Chotara wa Mbwa Mwitu

Kivuli alikuja kwangu akiwa na wiki nane, nyayo kubwa kupita umri wake, manyoya ya rangi ya majivu, macho kama asali. Muuzaji aliniambia ni nusu mbwa mwitu na nusu Malamute, yule mbwa mkubwa wa nchi za theluji anayevuta sleji, na kwamba nikimlea vizuri nitakuwa na mbwa ambaye hakuna mwingine anaye. Nilikuwa nimefuga mbwa tangu utotoni. Nilikuwa nimewatuliza mbwa wakali walioshindikana kwa wenyewe. Nikajiambia: samaki mkunje angali mbichi, na huyu nimempata angali mbichi.

Naandika haya kwa ajili yako uliyeona picha ya mnyama wa namna hii na moyo ukakuenda mbio. Moyo huo naujua, na sikulaumu kwa kutamani. Ila aliyelipia kosa langu kuliko wote ni Kivuli mwenyewe, na sitaki mwingine alipe tena.

Kwanza tuelewane juu ya jina, maana Kiswahili kinaita wanyama wawili “mbwa mwitu”. Yupo yule wa Afrika mwenye mabaka na masikio ya duara, ambaye hazai na mbwa wa nyumbani. Na yupo yule wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Ninayemsema ni huyo wa kijivu. Mbwa wetu wote wametokana na ukoo wake, na wametengana naye kwa si chini ya miaka 14,000. Bado ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wakipandana huzaa, na watoto wao nao huzaa. Undugu huo ndio unaotudanganya, tukadhani miaka 14,000 inaweza kufidiwa kwa mapenzi na mafunzo.

Wiki nane nilizoziona kuwa ni mapema, kumbe nilikuwa nimechelewa. Mtoto wa mbwa huanza kutembea na kuchunguza mambo akiwa na wiki nne hivi, wakati huo ananusa na kusikia. Mtoto wa mbwa mwitu huanza akiwa na wiki mbili, bado haoni wala hasikii, anaongozwa na pua peke yake. Kipindi cha kuzoea vitu vigeni kinamfungukia mapema na kumfungia mapema. Ndiyo sababu wanaowalea kwa ajili ya utafiti huwatoa kwa mama zao wakiwa na siku 10 hadi 14, wakalala nao usiku na mchana kwa wiki nyingi. Na hata baada ya kazi yote hiyo, wanachopata ni mbwa mwitu anayemvumilia binadamu. Mbwa hawampati. Chotara huangukia mahali fulani kati ya hao wawili, na hakuna anayeweza kukuambia ni wapi mpaka akue.

Watu wengi huniuliza kama alikuwa mkali. Hapana, alikuwa mwoga. Hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu wapo wanaomtafuta chotara wakidhani atakuwa mlinzi. Nikihamisha kiti, Kivuli alikataa kuingia sebuleni kwa siku mbili. Mgeni akibisha hodi, alijibana nyuma ya kabati akitetemeka, na mkojo ukamtoka. Nilikuja kujua baadaye kwamba jambo hili limejulikana siku nyingi. Huko Uholanzi, katika miaka ya 1930, Leendert Saarloos alimpandisha mbwa wa aina ya German Shepherd na mbwa mwitu jike, akitaka kupata mbwa wa kazi aliye imara zaidi. Waliozaliwa walikuwa na haya na woga, wakikimbia badala ya kukabili. Mnyama mwoga akizibiwa njia ya kutorokea ndipo anapouma, na ndani ya nyumba njia hizo huzibwa kila saa na watu wasiojua kuwa wameziziba: mtoto aliyesimama mlangoni, fundi aliyeingia na ngazi.

Uharibifu nitausema kwa kifupi. Makochi mawili, mlango wa jikoni, ukuta uliochimbwa mpaka tofali likaonekana. Chumbani hakukaa na uani hakukaa. Uzio wa urefu wa mtu aliuruka akiwa na miezi saba, nilipouongeza akapita chini. Wanaofuga chotara wenye damu nyingi ya mbwa mwitu hujenga uzio wa karibu mita 2.4 au zaidi, na wavu uliozikwa ardhini ili asichimbe. Mimi nilifikia hatua hiyo baada ya kutafuta mnyama usiku mara nne, nikiita jina lake gizani, nikisikia mlio wake mrefu ukijibu kutoka mbali lakini mwenyewe haji.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kidogo kwa kukiangalia. Mbwa wangu wa zamani, mlango ukifungwa, walikuwa wananigeukia na kunitazama: fungua. Kivuli hakunitazama kamwe. Alishughulika na komeo peke yake mpaka akalijua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd cha Budapest walilea watoto wa mbwa mwitu na watoto wa mbwa kwa namna ile ile, mikononi mwa watu tangu wakiwa na siku chache, kisha wakawapa nyama isiyofikika. Mbwa waliposhindwa waligeuka kumtazama mtu. Mbwa mwitu waliendelea kuhangaika na chombo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003. Nilipoyasoma nililia, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa naamini Kivuli hanipendi. Alinipenda. Ila hakuwa amezaliwa na mazoea ya kutafuta msaada usoni mwa binadamu, na mafunzo yangu yote yalikuwa yamejengwa juu ya mazoea hayo.

Mwaka wa pili ndio uliobadilisha mambo. Mbwa mwitu hupevuka akikaribia miaka miwili, na huzaa mara moja tu kwa mwaka, kwa msimu. Baadhi ya chotara hurithi msimu huo, na tabia yao hugeuka pamoja nao. Yule aliyekuwa analala miguuni pangu alianza kunipima: akinisimamia mlangoni, akinitazama bila kupepesa, akishika mfupa na kuganda kimya niliposogea. Mbwa wa kawaida hukuonya kwa kelele. Kivuli alinyamaza, na siku niliyopuuza ule ukimya alinitoboa mkono mara mbili kabla sijaelewa kwamba ameshauma.

Lakini siku niliyoamua kwamba hatuwezi kuendelea ilikuwa nyingine, na siku hiyo hakuuma mtu. Mtoto wa jirani, wa miaka minne, alikimbia karibu na uzio, akajikwaa, akaanza kulia huku akirusha miguu. Kivuli alikuwa anamfahamu mtoto yule tangu mdogo. Aliinuka taratibu, akainamisha kichwa, masikio mbele, akaanza kutembea kwa mwendo ambao nilikuwa nimeuona mara moja tu, siku aliyoua paka. Hakukuwa na hasira yoyote ndani yake, na hilo ndilo lililonitisha. Kiumbe kidogo, kimeanguka, kinapiga kelele nyembamba: mwili wake uliusoma mwito huo kabla ya akili kukumbuka kwamba yule ni mtoto. Uzio ulikuwa kati yao. Niliwaza siku ambazo haukuwapo.

Nilipokwenda kutibu mkono, nilijifunza jambo ambalo muuzaji hakunitajia. Hata Marekani, ambako chotara hawa ni wengi, hakuna chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoidhinishwa rasmi kwa ajili yao. Daktari wa mifugo anaweza kuwachoma ile ya mbwa, lakini kisheria mnyama anaweza kuhesabiwa kuwa hajachanjwa. Mbwa aliyeuma mtu huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Chotara anaweza kuuawa ili ubongo wake upimwe, kwa kuwa muda huo wa siku 10 haujathibitishwa kwake. Ukwaruzo mmoja wa jino unatosha. Sheria zenyewe hutofautiana mno: Hawaii inapiga marufuku kuwaleta, na Uingereza, kwa sheria yake ya wanyama hatari wa mwaka 1976, inataka leseni kwa vizazi viwili vya kwanza vya chotara. Uliza sheria ya unapoishi kabla hujamtazama mtoto machoni. Ukishamtazama hutauliza.

Na usiamini asilimia. Muuzaji akikwambia “huyu ni asilimia 75”, hiyo ni hesabu ya karatasi. Damu hugawanyika kwa bahati, kiasi kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa mbwa mmoja na mbwa mwitu mwingine kwa tabia. Wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni mchanganyiko wa Husky tu, mbwa mwingine wa theluji. Huo nao ni wizi, ingawa ukiibiwa hivyo umepona. Kama unachopenda ni ule uzuri wa sura, mtafute Husky au Malamute asiye chotara, ukijua kwamba nao wanataka kazi na mbio nyingi.

Kama tayari unaye, nisikilize. Mhasi, usizalishe. Usimwachie porini: hajui kuwinda vya kutosha, hawaogopi watu vya kutosha, atarudi kwenye mifugo na atapigwa risasi. Mlishe mahali ambapo hakuna mtu atakayempita. Usimwache na mtoto hata dakika moja, hata kama wamelala pamoja mara mia. Tafuta daktari wa mifugo aliyekubali mapema kumhudumia, kwa sababu wengine hukataa. Na anza leo kuzipigia simu hifadhi zinazopokea wanyama hawa, hata kama mambo bado ni shwari, maana karibu zote zimejaa.

Mimi nilizipigia baada ya mkono kuumwa. Kila iliyopokea simu iliuliza swali lile lile kabla ya jina na umri wake: ameshauma mtu? Nilisema ukweli. Sita zilikataa. Ya saba ilimwandika kwenye orodha, na tulingoja miezi mitano, mimi nikilala upande mmoja wa mlango na yeye upande wa pili, mpaka banda moja likawa wazi.