Alinipa 7 kwa 7, na Homa Niliugua Peke Yangu

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwa hasira. Alikuta mtandaoni dodoso la kupima upendo wa huruma, yaani ule wa kumjali mtu na kutaka kumsaidia hasa anapoumia, akalijaza kwa niaba ya mchumba wake (ndiyo, kwa niaba yake, mwenyewe hana habari), alama zikatoka za chini. Sasa anauliza: "Dada, nimwache au nivumilie?"

Dodoso hilo nalijua vizuri kuliko ninavyotaka. Ni kazi ya watafiti Susan Sprecher na Beverley Fehr, waliolitoa mwaka 2005. Lina sentensi 21, na kwa kila moja unajipa alama kuanzia 1, yaani si kweli kabisa kwangu, hadi 7, kweli tupu. Lipo la ndugu na marafiki, lipo la watu usiowajua, na lipo la mtu mmoja mahususi, ambalo ndilo la wapenzi. Mojawapo ya sentensi zake inauliza kama ungeona afadhali uumie wewe kuliko aumie mwenzako.

Mtu niliyekuwa naye kabla ya mume wangu alilijaza mbele yangu. Kwenye hiyo ya kuumia alibonyeza 7 bila hata kufikiri, akanigeuzia simu nione. Siku chache baadaye homa ikaniangusha. Nimejifunika gubigubi, meno yanagongana, akasimama mlangoni kuniuliza chaja yake nimeiweka wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaichukua, akazima taa, akafunga mlango polepole nisisumbuke. Mpaka leo nikiukumbuka ule upole wa kufunga mlango, damu inanichemka.

Na hakuwa akidanganya, nadhani ndilo linaloniudhi zaidi. Aliamini kabisa kwamba ananipenda hivyo. Dodoso linapokea kile mtu anachojisemea moyoni. Halikusimama pale mlangoni. Kwa hiyo, dada yangu, ukimjazia mwenzako umepima dhana zako tu. Lijaze la kwako wewe.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi. Harry Reis wa Chuo Kikuu cha Rochester na wenzake walichukua maharusi wapya, jozi 175, wakawaandikisha kumbukumbu za kila siku kwa wiki mbili, kila mmoja kivyake. Leo umeahirisha mipango yako kwa ajili ya mwenzako? Umemwonyesha kwamba unamthamini? Na yeye je, amekufanyia? Matokeo yalitoka mwaka 2017: anayepokea hafaidiki sana asipotambua kwamba ametendewa, lakini anayetenda moyo wake hunufaika hata mwenzake asipojua.

Niliposoma hayo nilimfikiria mume wangu, na hapa mniruhusu nijivune kidogo. Hasemi maneno matamu, na dodoso angelijaza 4 mwanzo mwisho ili amalize haraka. Lakini mkono wangu wa kulia ulipofungwa plasta, alikaa sakafuni kunikata kucha za miguu, miwani imemshuka puani, kimya, kidole kwa kidole. Nilimwona. Wangapi wetu tunakatwa kucha huku macho yako kwenye simu, halafu tunalalamika hatupendwi? Tumezoea kuhesabu tusichopewa, wapendwa. Tumezoea mno. Fungueni macho!

Cha kufanya ni chepesi. Kwa wiki mbili, kila jioni andika ulichomfanyia na alichokufanyia. Naye aandike, bila kuchunguliana. Mkimaliza, kaeni mlinganishe, mtazame zaidi yale ambayo mmoja ameandika na mwingine hakuyaona. Hapo ndipo mtakapokuwa na la kuzungumza. Akikataa kuandika, muombe akutajie kwa mdomo. Watu wengine kalamu haiwapandi, na hilo si kosa la kumwachia mtu.

Ukiona kurasa zako zimejaa na za kwake ni tupu, wala hashtuki ukimwonyesha, sitakwambia uvumilie. Mimi sikuvumilia. Na kama anakupiga au anakutisha, usikae kuandika daftari lolote: mwambie mtu unayemwamini, upange jinsi ya kutoka salama.